Kwa Nini Kilimi? Historia ya Kumeza na ya Wembe Kooni, Bujumbura

Insha hii inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara mamia kwa siku bila kulifikiria, nalo ni kumeza. Mtu humeza tonge la bugali, humeza chai ya alfajiri pale Buyenzi kabla ya kwenda sokoni, humeza mate yake hata akiwa usingizini. Wanahistoria wameandika sana juu ya vile vinavyomezwa, yaani mazao, njaa, biashara ya chumvi na samaki wa ziwa. Koo lenyewe wamewaachia madaktari. Mimi naona koo nalo lina historia, na katika mji wetu historia hiyo inaweza kufuatwa kwa kukishika kipande kimoja kidogo cha nyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo: kilimi.

Swali langu ni hili. Kwa nini katika familia nyingi za Bujumbura mtoto anayekohoa, anayetapika maziwa au anayekataa titi husemwa kuwa ana kilimi, na kilimi hicho kikakatwa? Jibu la haraka, lile tunalolisikia hata katika mijadala ya darasani, ni ujinga. Jibu hilo silikubali, kwa sababu halielezi chochote: ujinga uko wa aina nyingi, na mjinga angeweza kukata sikio. Nitajaribu kuonyesha kwamba kilimi kinalaumiwa kwa sababu kinaonekana. Katika safari yote ya tonge kutoka mdomoni hadi tumboni, yanayotokea baada ya ulimi yamefichika, na kilimi kiko pale mlangoni, kinatikisika, kila anayefungua kinywa cha mtoto anakiona. Na waliodanganyika hivyo si wazee wetu peke yao. Madaktari wakubwa wa ulimwengu nao walipita njia hiyo hiyo.

Tuanze na majina, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kirundi husema ikirimi, na Kiswahili cha hapa husema kilimi. Yote mawili ni ulimi uliopunguzwa, ulimi mdogo ulio nyuma ya ule mkubwa. Vitabuni tunakuta kimio. Tanzania watu husema kimeo, na neno hilo limehamia mitaani hadi likawa na maana ya kitu kibovu au chenye matatizo. Wagiriki wa kale waliona hapo shada la zabibu, Warumi wakakiita uva, yaani zabibu, na Kifaransa tulichosomea shuleni kimeirithi zabibu hiyo hiyo katika neno luette. Lakini jina linalonivutia kuliko yote ni la Kiswahili: kidakatonge. Jina hili limebeba nadharia nzima ya mwili ndani yake. Linasema kwamba kile kinachoning'inia ndicho kinachodaka tonge lisipite mahali pasipo pake. Sasa msomaji atazame jambo la ajabu: wapo watumiaji wa Kiswahili ambao jina hilo hilo hulipa kifuniko kilicho chini zaidi, epiglotisi, ambacho hakionekani kwa kufungua kinywa tu, na ambacho ndicho kinacholalia mlango wa njia ya hewa tunapomeza. Jina moja, viungo viwili. Ni kana kwamba lugha imechukua kazi ya kilichofichika ikampa jirani yake anayeonekana.

Ili hoja hii ieleweke inanibidi nieleze kwa kifupi namna tonge linavyoshuka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Magendie aligawa kumeza katika hatua tatu, na mgawanyo huo bado unafundishwa. Hatua ya kwanza ni ya mdomo: tunatafuna, tunachanganya na mate, ulimi unakusanya tonge na kulisukuma nyuma. Hapo bado tuna hiari. Mtu anaweza kutema. Hatua ya pili ni ya koromeo, nayo haituulizi. Katika muda wa sekunde moja hivi kaakaa laini, pamoja na kilimi kilicho nchani mwake, linapanda na kuziba njia ya pua, zoloto linavutwa juu na mbele (weka kidole shingoni, umeze mate, utalihisi likiruka), nyuzi za sauti zinafunga, epiglotisi inalala, pumzi inasimama. Wakati huo huo mlango wa umio, ambao kwa kawaida umebanwa, unafunguka. Hatua ya tatu ni ya umio wenyewe, unaolisukuma tonge kwa mawimbi hadi tumboni kwa sekunde chache. Kazi yote hii inaendeshwa na angalau jozi tano za neva zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja. Njia ya chakula na njia ya hewa zinakatana katikati ya koo kama barabara mbili zisizo na askari wa usalama barabarani, na zamu hupangwa upya kila tunapomeza.

Mpango huu haubaki vile vile maisha yote. Mtoto huanza kumeza kabla hajazaliwa: tumboni mwa mama, tangu mwisho wa mwezi wa tatu hivi, humeza maji yanayomzunguka. Lakini kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu bila kugongana ni ujuzi unaokomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba, ndiyo maana mtoto njiti anaweza kushindwa titi ingawa koo lake halina kidonda chochote. Mtoto mchanga zoloto lake liko juu sana shingoni, na epiglotisi yake hufika karibu na kaakaa laini. Maziwa hupita pembeni kushoto na kulia. Kadiri miaka inavyokwenda zoloto hushuka, nafasi ya koromeo hupanuka, tunapata sauti ya kusemea, na tunapata pia hatari ya kupaliwa. Mzee naye misuli yake hulegea na tonge huchelewa. Kwa hiyo dalili moja, kikohozi wakati wa kula, ina maana tofauti kwa mtoto wa wiki mbili, kwa kijana aliyekwamwa na mwiba wa mukeke, na kwa bibi wa miaka themanini. Mganga anayetazama mlangoni tu hawezi kuzitofautisha.

Na kilimi kina kazi gani? Kimejaa tezi ndogo zinazotoa mate mepesi yanayolainisha koo, na kinasaidia kaakaa laini kuziba njia ya pua. Zaidi ya hapo wataalamu bado wanabishana. Jambo moja ni hakika: hakishiki maziwa yasishuke.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Kukata kilimi ni tiba ya kale sana, na imeandikwa. Katika maandishi yanayobeba jina la Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mna onyo kwamba ni hatari kukikata kikiwa chekundu na kimevimba. Onyo hilo ni ushahidi, maana hakuna anayekataza jambo lisilofanywa. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alishauri kukata ile sehemu tu iliyozidi urefu wa kawaida. Kutoka hapo maarifa yalipita kwa waandishi wa Kiarabu. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa upasuaji wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alikipa kilimi sura yake katika kitabu cha al-Tasrif na akachora vyombo vya kukikatia. Huko Afrika ya Magharibi wanzamai, vinyozi wa Kihausa, wamezoea kukikata siku ya kumpa mtoto jina, hata kama mtoto hana dalili yoyote.

Je, tiba hii ilifika Burundi kwa njia ya Waarabu na Waswahili? Nimeisikia nadharia hiyo, tena ina mvuto kwetu sisi wa Buyenzi, kwa sababu mababu wa wengi wetu walikuja na misafara, wakitokea Ujiji na ng'ambo ya ziwa, wengine wakiwa askari na wapagazi wa Wajerumani. Mimi naitilia shaka. Tunajua kwamba Mwami Mwezi Gisabo alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, asiingie milimani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Biashara ya misafara ilishika ufukwe wa ziwa na nchi ya Uzige, lakini haikushika vilima vya ndani. Hata hivyo ikirimi na tiba yake vinajulikana vilimani, kwa jina la Kirundi halisi lisilo na harufu ya Kiarabu, na vinajulikana Rwanda vilevile. Neno si hati ya mahakama, na linaweza kutafsiriwa likapoteza alama za safari yake. Lakini naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba watu mbalimbali, kila mmoja kwa wakati wake, walifungua kinywa cha mtoto mgonjwa wakaona kitu kile kile.

Ukoloni ulipokuja uliigusa shingo, lakini haukuuliza habari za kumeza. Hapa panahitaji maelezo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi kandokando ya Ziwa Tanganyika. Baada ya safari ya Robert Koch ya 1906 na 1907 huko Afrika Mashariki, Wajerumani waliweka kambi za malale ufukweni, wakawahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o, wakawadunga sindano za Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki iliyowapofusha baadhi yao. Namna mojawapo ya kumtambua mgonjwa ilikuwa kupapasa tezi za shingo na kuzitoboa kwa sindano ili kutafuta vimelea. Fikiria basi mtu wa Imbo ya wakati ule: daktari wa kwanza wa kizungu kumwona maishani anamshika shingo, anambonyeza, anamtoboa, na huenda akaamuru apelekwe kambini. Wabelgiji waliochukua nchi 1916 waliendelea na kazi ya kupambana na magonjwa makubwa ya mlipuko, wakajenga zahanati na hospitali, wakachanja ndui. Mtoto anayekataa titi hakuwa mlipuko. Aliachiwa nyumbani kwa bibi zake, na nyumbani dawa ilikuwapo.

Naomba nieleze dawa hiyo jinsi nilivyosimuliwa, kwa sababu inanihusu. Nilizaliwa Buyenzi mwaka 2003. Ni mwaka ambao mwezi Julai waasi wa FNL waliushambulia mji, na watu wa mitaa ya kusini wakakimbia na magodoro vichwani. Nilikuwa na wiki chache. Mama anasema nilinyonya kidogo, nikakohoa, nikatapika kwa pua. Bibi, mzaa baba, alinitazama kinywani kwa mwanga wa mlangoni akasema: kilimi kimemshukia. Akaitwa mkataji. Bibi alinipakata akiwa amenibana mikono kwa kitenge, mpini wa kijiko ukashikilia ulimi, na wembe uliofungwa kwenye kijiti ukafanya kazi yake kwa muda usiozidi pumzi mbili. Kile kipande kilionyeshwa kwa wote waliokuwapo ili waone ubaya wake, kisha nikapakwa unga wa dawa. Mama alikuwa amekaa chumba cha pili, ameziba masikio. Baada ya siku chache nilinyonya vizuri.

Nimejitazama kwenye kioo kwa tochi ya simu. Mahali pa kilimi kaakaa langu limekatika kama ukingo wa nguo iliyopindwa. Ninameza bila shida. Bibi hunitaja kama ushahidi, na siwezi kumkatalia kwamba nilipona. Ninachoweza kufanya, kama mwanafunzi wa historia, ni kuuliza angefanya nini kingine mwaka ule.

Tangu mwaka 2002 serikali ilikuwa imeweka utaratibu wa mgonjwa kulipia gharama za matibabu karibu zote. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 ilieleza habari za watu waliozuiliwa hospitalini, wakiwamo akina mama waliokwisha kujifungua, kwa sababu ya kushindwa kulipa. Katika mtaa wetu jambo hilo halikuhitaji ripoti. Kila nyumba ilikuwa na jirani aliyepigiwa harambee ili atoke wodini. Mkataji alichukua kuku au faranga chache, na alikubali kulipwa mwezi ujao. Alikuja nyumbani. Aliwasikiliza. Alikuwa na jina la ugonjwa, na aliuonyesha ukiwa umekatwa, uko kiganjani. Zahanati ingempa mama yangu kipande cha karatasi.

Wale wanaofurahia kuwacheka wazee wetu nawaomba watazame upande wa pili wa bahari. Mwaka 1841 huko London daktari James Yearsley aliwakata watu wenye kigugumizi kilimi na tezi za koo, kwa imani kwamba ndivyo vinavyozuia sauti, na magazeti yakampongeza kwa muda. Katika karne ya 20 lawama ilihamia kwenye mafindofindo, tezi zile mbili za pembeni, ambazo nazo huonekana kwa kufungua kinywa tu. Mwaka 1934 chama kimoja cha afya ya watoto cha Marekani kiliwapima watoto 1,000 wa shule za New York wenye umri wa miaka 11. Walikuta 611 wameshakatwa mafindofindo. Wale 389 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari wa shule, nao wakasema 174 wakatwe. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, wasiojua ya nyuma, nao wakachagua 99. Waliobaki 116 wakapelekwa mara ya tatu, na 51 wakachaguliwa. Laiti uchunguzi ungeendelea, pengine asingebaki mtoto hata mmoja New York mwenye mafindofindo. Hawa walikuwa madaktari wenye vyeti. Walikuwa na kioo, taa na koti jeupe, na bado macho yao yalikata shauri kwa kile kilichokuwa mbele yao. Na kilimi chenyewe hakikuachwa: mwaka 1981 Shiro Fujita huko Detroit alieleza upasuaji unaokata kilimi na sehemu ya kaakaa laini ili kutibu kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Upasuaji huo bado unafanywa, kwa ganzi na kwa vyombo safi, kwa wagonjwa waliopimwa kwanza.

Tofauti basi iko wapi? Iko katika mambo mawili. La kwanza ni kuona zaidi ya mlango. Mwaka 1896 huko Marekani, mwaka mmoja tu baada ya Röntgen kugundua eksirei, mwanafunzi wa udaktari Walter Cannon alianza kuwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na madini yasiyopenywa na miale hiyo, na kwa mara ya kwanza mwanadamu aliliona tonge likishuka ndani ya shingo ya kiumbe hai, akiwamo bata bukini mwenye shingo ndefu. Tangu hapo swali liliweza kubadilika: kutoka nini kinaning'inia, hadi nini kinakwama, wapi, na wakati gani. La pili ni kuhesabu waliokufa pamoja na waliopona.

Hapo ndipo hesabu ya bibi na yangu zinapoachana. Wembe mmoja uliopita vinywani mwa watoto kadhaa hubeba damu ya wote. Kilimi kina mishipa ya damu, na damu ya mtoto wa wiki mbili ni kidogo mno. Anaweza kuimeza kimya kimya hadi akaisha. Madaktari wa Tanzania, Niger na kwingineko waliochunguza jambo hili tangu miaka ya 1980 wameandika juu ya kutokwa damu, usaha, maambukizi ya damu na pepopunda. Pepopunda ya mtoto mchanga ina ukatili wake wa peke yake. Dalili yake ya kwanza ni kwamba mtoto aliyekuwa akinyonya anaacha kunyonya, kwa sababu taya zimekaza. Wembe uliokuja kumwezesha mtoto kumeza unaweza kumletea ugonjwa unaofunga kinywa, na nyumbani watu wakasema: kilimi kilikatwa kikiwa kimechelewa.

Tena mtoto mwingi aliyekatwa angepona bila kukatwa, kwa kuwa mafua na kutapika kwa wachanga mara nyingi huisha vyenyewe. Wasiopona ni wale ambao tatizo lao lilikuwa kwingine: nimonia, malaria, utando mweupe mdomoni, kaakaa lililopasuka nyuma ambako hakuna aliyetazama, ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa. Hao walipelekwa hospitali siku tatu au nne baadaye, baada ya wembe. Kifo chao kiliandikwa kwa hospitali, na kupona kwa wenzao kuliandikwa kwa mkataji. Kwa hesabu ya namna hiyo tiba yoyote inaweza kuishi miaka 1,000.

Jambo kama hili limetokea pia kwa meno. Uganda wanasema ebinyo. Tanzania, katika miaka ya 1980, kulienea habari za meno ya nailoni au ya plastiki, na watoto wenye homa na kuharisha waling'olewa vijidudu vyeupe kwenye ufizi ambavyo kwa kweli vilikuwa meno yao ya chonge yasiyokomaa. Ufizi wa mtoto nao ni mlango unaoonekana. Sitaliendeleza hilo hapa. Linastahili insha yake.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Kwa maoni yangu tangazo hilo lilikipunguzia kilimi lawama kuliko mahubiri yote ya vituo vya afya dhidi ya mila, kwa sababu liliondoa ile bei iliyokuwa ikimpeleka mama kwa mkataji. Lakini halikukimaliza. Foleni zilirefuka, na muuguzi mwenye akina mama mia moja barazani hana dakika kumi za kukaa na kumtazama mtoto mmoja akinyonya, ingawa kumtazama akinyonya ndicho kipimo bora alicho nacho kwa ugonjwa wa kumeza. Mama hurudi na dawa ya maji na bila maelezo. Maelezo bado yanapatikana mtaani.

Nimesema sana juu ya wachanga, na mwisho wa maisha nao una koo lake. Mzee anayelalamika kwamba bugali linakwama kifuani, kisha baada ya miezi uji nao ukakwama, kisha maji, huyo afikiriwe saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inaijua kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia. Aliyepigwa kiharusi huwa kinyume chake: bugali laini anaweza, maji ndiyo yanayompalia, kwa sababu maji hukimbia kuliko neva zake zinavyoweza kufunga mlango. Tofauti hii ndogo, kigumu kwanza au maji kwanza, inaweza kuulizwa na mtu yeyote nyumbani bila chombo chochote. Sijawahi kuisikia ikiulizwa mtaani kwetu.

Mwaka jana bibi yule yule aliyenipakata alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Aliporudi nyumbani kila funda la maji lilimtoa machozi na kikohozi. Ndugu walikaa kikao. Shangazi mkubwa, ambaye naye amekata watoto wake wote wanne, alisema ni lazima kilimi kimeshuka, atafutwe mtu. Nikachukua simu nikawasha tochi, tukamwomba bibi afungue kinywa, shangazi mwenyewe akainama akatazama. Nyuma ya ulimi hakukuwa na kitu kinachoning'inia. Bibi akatueleza, kwa sauti ile yake mpya ya kuburuta, kwamba alikatwa akiwa mchanga, vilimani, kabla ya Uhuru, na kwamba alidhani tunajua.

Shangazi alikaa chini kimya. Kesho yake tulikwenda kwa muuguzi, akatuonyesha namna ya kumkalisha wima, kumwinamisha kidevu kabla ya kumeza, na kumpa uji mzito badala ya maji matupu, kijiko kimoja kimoja, tukingoja zoloto lipande na kushuka ndipo tumpe kingine. Shangazi ndiye anayemlisha mchana. Huweka vidole viwili shingoni mwa bibi, akahesabu.